BUSHIRI BIN SALIM: ALINYONGWA NA HABARI KABLA YA KAMBA

Leo naomba mnivumilie kidogo, makala ni ndefu. Kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, soma hii kwanza halafu ndio ufungue mambo yako mengine.

Mimi ni mtoto wa Kiwangwa, kule kwenye mananasi, barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Nilimaliza kidato cha nne, chuo sikwenda, nikabaki na shamba la mzee na hii kazi ya kuandika andika. Sasa Novemba 2025 yalitukuta makubwa. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba, intaneti ilikatika nchini na ikakaa hivyo siku kadhaa. Dar es Salaam kulikuwa na maandamano, watu walikufa, ikatolewa amri ya kutotoka nje. Sisi Kiwangwa tulikuwa shambani tunahesabu mananasi.

Mtandao uliporudi, video zikaja kama mvua ya masika. Mnunuzi wetu mmoja wa Mombasa aliona video moja tu, matairi yanawaka barabarani, akakata oda yote. Kwake yeye Tanzania nzima ilikuwa inaungua mpaka vijijini. Mananasi yetu yakaozea chini. Na wakati huo huo jirani yetu, tena mtu mzima, anatuapia kwamba hakuna kilichotokea popote, kisa ametoka nje asubuhi akaona kuku wanadonoa kama kawaida. Jioni shangazi yangu aliyeko Muscat akapiga simu. Nikampa shikamoo, akaitikia haraka haraka, swali lake lilikuwa moja tu: nchi imetulia au haijatulia, arudi au asirudi?

Wadau, nilishindwa kumjibu. Mnunuzi alikosea, jirani alikosea, na mimi mwandishi wenu nilikuwa sijui hata nianzie wapi. Nikakaa na swali hilo wiki nzima, na katika kulifikiria nikamkumbuka mtu mmoja wa Pwani yetu hii hii ambaye maisha yake yaliamuliwa na swali hilo hilo. Mtu huyo ni Bushiri.

MTU MWENYEWE

Jina lake kamili ni Abushiri bin Salim al-Harthi. Wapwani tunamwita Bushiri tu. Alizaliwa karibu na mwaka 1840, baba yake Mwarabu wa ukoo wa al-Harthi, mama yake Mworomo, watu wa upande wa Uhabeshi. Ujanani alipanda bara na misafara kutafuta pembe za ndovu. Faida aliyopata akanunulia shamba karibu na Pangani, akalima miwa na kutengeneza sukari. Mashamba ya miwa ya zama zile yalilimwa na watumwa, na la kwake hivyo hivyo. Nalisema hili mapema ili asitokee mdau akasema namsafisha mtu.

Kitu kingine cha kushika ni hiki. Ukoo wake na masultani wa Unguja, yaani Mabusaidi, walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mwaka 1859 al-Harthi walimuunga mkono Barghash alipotaka kumpindua kaka yake, Sultani Majid, na wakashindwa. Bushiri naye hakuwa mtu wa Sultani hata kidogo. Alikaa zake Pangani, mbali na mkono wa Unguja. Kumbukeni hilo, mbele litatusaidia.

KARATASI ILISEMA SHWARI

Sasa twende mwaka 1888. Sultani Barghash alifariki mwezi Machi, akaingia mdogo wake, Khalifa. Tarehe 28 Aprili 1888, Khalifa akatia sahihi mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ikapewa kuendesha Pwani yote ya Bara na kukusanya ushuru wa bandari kwa miaka 50. Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi, zote humo humo.

Unguja tayari kulikuwa na telegrafu tangu 1879, waya unapita chini ya bahari mpaka Aden na kuunganika na Ulaya. Kwa hiyo habari ya Unguja ilifika London na Berlin upesi. Lakini jiulize, nani aliyekuwa anaituma? Makonseli, mameneja wa kampuni, maofisa wa meli za kivita, wamisionari. Jumbe wa Pangani hakuwa na waya. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa na waya. Sheikh wa msikiti hakuwa na waya.

Wao walikuwa na mtandao wao wa kijamii: majahazi, soko, baraza za misikiti, ngoma na misafara. Mtu aliyeshuka jahazi Bagamoyo alikuwa na habari za Pangani mbichi kabisa. Mtandao huo ulikuwa unasema mambo tofauti na waya. Ulikuwa unasema kwamba Sultani ameiuza nchi isiyokuwa yake. Ulikuwa unasema kuna kodi mpya, na kwamba mwenye shamba atatakiwa kulisajili na kuonyesha hati. Hati gani, jamani, shamba umeachiwa na babu yako kwa mdomo?

Kwenye karatasi ya Unguja, hata hivyo, nchi ilikuwa shwari. Sahihi ipo, muhuri upo. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu.

MSHINDO WENYEWE

Kampuni ilichukua madaraka tarehe 16 Agosti 1888. Pangani alipelekwa bwana mmoja anaitwa Emil von Zelewski. Likija jina lake tena huko chini msishangae. Huyu bwana alitaka bendera ya kampuni ipepee penye makazi ya Liwali. Liwali akakataa, yeye ni mtu wa Sultani. Zelewski akaita wanamaji kutoka meli ya kivita. Na siku zenyewe zilikuwa za Idi kubwa, mji umejaa watu. Ikasemwa kwamba Wajerumani wameingia msikitini wakati wa Idi, tena na mbwa. Habari kama hiyo haikai ndani ya mji mmoja, hata leo.

Septemba watu wa Pangani wakawafungia Wajerumani ndani ya nyumba. Sultani akamtuma jemadari wake, Mwingereza Lloyd Mathews, na askari. Akafanikiwa kuwatoa Wajerumani wakiwa hai, lakini na yeye mwenyewe wananchi wakamfukuza. Mwisho wa mwezi Bagamoyo ikalipuka, meli ya kivita Leipzig ikashusha wanamaji, wakafa watu wengi. Kilwa maofisa wawili wa kampuni wakauawa. Ndani ya wiki chache kampuni ikabaki na miji miwili tu, Bagamoyo na Dar es Salaam, tena kwa kuegemea mizinga ya meli.

Hapo ndipo Bushiri anapoingia. Angalieni vizuri: hakuanzisha yeye. Walioanza ni watu wa mji, majumbe wao, vijana wao na watu wa bara waliokuwa wameshuka Pwani. Bushiri alijitokeza moto ukiwa tayari unawaka, akawa kiongozi kwa sababu alikuwa na fedha, bunduki, ujasiri na ugomvi wake wa zamani na Unguja. Kaskazini ya Bagamoyo, pale Saadani, Bwana Heri bin Juma aliongoza watu wake, Wazigua wengi, na huyo hakuwa akipokea amri ya Bushiri.

WAZUNGU WAWILI WALIOSIKIA UPANDE WAKE

Wakati vurugu zinaanza, wasafiri wawili walikuwa wanatoka Usambara kurudi Pwani: Hans Meyer, Mjerumani, na Oscar Baumann, mtu wa Austria. Wakakamatwa, wakafungwa minyororo. Bushiri akawashika, wakakaa naye ana kwa ana, wakasikia malalamiko ya watu wa Pwani kutoka kwenye mdomo wa mwenyewe, halafu akawaachia kwa fidia ya fedha. Meyer ndiye aliyerudi mwaka uliofuata na kufika kilele cha Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889.

Kwa hiyo msiniambie Ulaya hawakuwa na njia ya kujua. Wapo waliokaa na mhusika mwenyewe, wakatoka wazima, wakasimulia na kuandika. Lakini habari ya ushuru, bendera na hati za mashamba haikuwa na mvuto. Ilitafutwa habari nyingine.

JINA LIKAPATIKANA

Mwaka huo huo wa 1888, Kadinali Lavigerie, Mfaransa, alikuwa anazunguka miji ya Ulaya akihubiri vita dhidi ya biashara ya watumwa Afrika. Biashara hiyo ilikuwepo kweli, na ilikuwa unyama, hilo halina mjadala. Oktoba 1888 ukafanyika mkutano mkubwa mjini Köln, Ujerumani. Na Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alikuwa na shida yake: kampuni imefukuzwa, inataka kuokolewa, na Bunge halina hamu ya kutoa fedha za kuokoa wafanyabiashara walioharibu wenyewe.

Basi mambo mawili yakaunganishwa. Vita vya Pwani vikapewa jina la Uasi wa Waarabu, kwamba ni wauza watumwa wanaopinga ustaarabu. Jina likakaa. Tarehe 30 Januari 1889 Bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Tangu Desemba 1888 meli za Ujerumani na Uingereza zilikuwa tayari zimeifunga Pwani.

Sasa rudini kule juu nilikosema mkumbuke. Bushiri alikuwa adui wa Sultani wa Kiarabu wa Unguja. Waliopigana walikuwa Waswahili, Wazigua, Wazaramo, watu wa bara, na Waarabu baadhi. Waarabu wengi wenye mali zao walikuwa wanaangalia upepo unavyokwenda. Ukiita hiyo Uasi wa Waarabu, ni kama kuita daladala zima kwa jina la abiria mmoja wa siti ya mbele.

Lakini sitaki mtoke hapa mkidhani Bushiri alikuwa malaika. Januari 1889 misheni ya Wabenediktini pale Pugu ilishambuliwa, wamisionari wakauawa na wengine wakatekwa mpaka wakakombolewa. Upande wa pili, misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu Bagamoyo, iliyokuwepo tangu 1868, hakuigusa, na maelfu ya watu walikimbilia humo wakasalimika. Ukichagua habari ya Pugu peke yake unapata shetani. Ukichagua ya Bagamoyo peke yake unapata mtakatifu. Mtu mmoja huyo huyo, vita ile ile.

MWISHO WAKE

Serikali ya Ujerumani ikamleta Hermann Wissmann, na askari aliowaajiri Misri, Wasudani, pamoja na wengine kutoka Msumbiji. Kabla hajaanza kazi kulikuwa na mazungumzo ya kusimamisha vita kati ya Bushiri na Wajerumani, na kwa muda bunduki zikanyamaza. Wissmann hakuja kuzungumza. Tarehe 8 Mei 1889 akaivamia boma ya Bushiri nje kidogo ya Bagamoyo, akaivunja. Juni Saadani ikapigwa mizinga, Julai Pangani na Tanga zikachukuliwa.

Bushiri akakimbilia bara, akashambulia kituo cha Wajerumani Mpwapwa. Akatafuta wapiganaji wapya, Wambunga, ambao watu wa Pwani waliwaita Maviti. Hapo ndipo alipokosea vibaya. Maviti waliposhuka nao Uzaramo walipora na kuchoma vijiji vya watu wale wale aliosema anawapigania. Oktoba 1889 wakapigwa Yombo, nyuma ya Bagamoyo, na baada ya hapo Bushiri akabaki karibu peke yake.

Alijaribu kupita kaskazini kuelekea kwa watu wa nyumbani. Jumbe mmoja aliyemfikia akamkamata na kumtoa kwa Wajerumani. Tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Nimekua nikisikia vijiweni kwamba alinyongwa Bagamoyo, pale pale kwenye mnara wa kunyongea. Hapana wadau. Wengi walinyongwa Bagamoyo, yeye ni Pangani. Mnaona hata sisi wenyewe tunavyorushiana habari bila kuuliza?

Na siku 11 tu kabla ya hapo, tarehe 4 Desemba, Stanley alikuwa ameingia Bagamoyo na Emin Pasha kutoka bara, na waandishi wa magazeti ya Marekani walikuwa wamesafiri kuja kumpokea. Usiku wa karamu Emin akaanguka kutoka dirishani ghorofani, akapasuka kichwa lakini akapona. Kalamu na telegrafu zote zilikuwa na kazi ya kufanya mwezi huo, ila mkulima wa Pangani wala mpagazi wa Bagamoyo hakuna aliyetumiwa mwandishi kwenda kumuuliza.

SHWARI YA PILI

Baada ya kamba, habari ikawa kwamba Pwani imetulia. Aprili 1890 Bwana Heri naye akasalimu amri. Kuanzia Januari 1891 Pwani ikawa mali ya Ujerumani rasmi, Sultani amelipwa marki milioni 4. Shwari tena kwenye karatasi.

Zelewski, yule yule wa bendera ya Pangani, sasa akawa mkuu wa jeshi la wakoloni. Akapanda Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, watu wa Mkwawa wakamuua na sehemu kubwa ya kikosi chake. Ilikuwa miaka mitatu na siku moja tangu kampuni ichukue Pwani. Na mwaka 1905 kusini ikalipuka Maji Maji, mpaka 1907. Ukiniuliza, chanzo kilikuwa kile kile, kodi, kazi za kulazimishwa na dharau. Walimnyonga mtu, sababu wakaziacha zinatembea.

Watu wetu wenyewe waliandika pia. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita hivi, kwa Kiswahili. Kwa hiyo sauti ya ndani ilikuwepo. Tatizo ni kwamba waliokuwa wanaamua kule Berlin hawakuwa wanaisoma.

SASA SHANGAZI NIMJIBU NINI?

Nikirudi kwa shangazi yangu. Baada ya kumsoma Bushiri niligundua kwamba makosa ya mwaka 1888 na yale ya kijijini kwetu 2025 yanafanana kama mapacha. Jirani na kuku wake ndiye yule meneja wa kampuni na mkataba wake: kwangu kimya, basi nchi shwari. Mnunuzi wa Mombasa na video yake ndiye yule msomaji wa gazeti la Ulaya: nimeona kipande kimoja, basi nimeijua nchi nzima.

Mimi siku hizi, kabla sijasema nchi fulani imetulia au haikaliki, najiuliza mambo manne:

1. Habari hii imetumwa na nani, na akiaminiwa anapata nini? Bismarck alipata marki milioni 2. Anayekutumia video naye anapata watazamaji.

2. Nani hana waya? Kila mtandao una watu wasiosikika. Intaneti ikikatika, wanaobaki kusikika ni walioko nje na wenye madaraka. Hao wote wana la kusema, lakini sio wao waliokuwa mtaani.

3. Vitu vidogo vinasemaje? Bei ya unga, nauli, soko limefunguliwa au la, watu wamekwenda msikitini na kanisani au wamejifungia. Pangani dalili zilikuwa sokoni na msikitini, sio Unguja kwenye mkataba.

4. Sababu imeondoka, au ni mtu tu ndiye ameondoka? Barabara ikifagiliwa matairi, uliza kama lililowatoa watu nje limejibiwa.

Basi nikampigia shangazi. Nikamwambia Kiwangwa tumelala salama, hilo nimeliona kwa macho yangu. Nikamwambia Dar watu walikufa, idadi watu wanabishana, na wapo waliozika, kwa hiyo asikubali mtu amwambie hakuna kitu. Nikampa namba ya binamu yetu wa Mbagala na ya mama mmoja anayeuza samaki Bagamoyo, nikamwambia awaulize wote wawili bei ya vitu na kama wanatoka nje jioni, halafu aamue mwenyewe. Akacheka, akasema nimekuwa mzee kabla ya wakati. Alikuja Desemba. Tukamfungashia mananasi machache yaliyopona.

Mnunuzi wa Mombasa bado hajarudi. Nilimtumia picha za shamba, naona alama zinaonyesha amesoma, jibu hakuna.

Nawakilisha. Wadau wa Pangani, Saadani na Bagamoyo, kama wazee wenu wana la kuongeza au nimekosea mahali, karibuni kwenye maoni, rekebisheni bila matusi. Ila ukisema nimekosea, tafadhali taja umeambiwa na nani.